Gari ya Mbao Haisukumwi

Kipkelion
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Kwako Mama Adoyo,

Mimi ni mzima kuliko uzima wenyewe. Tangu ushike njia ya kwenu Longisa, bahati imenifuata kama mbwa anayemfuata mtu aliyebeba nyama. Ng'ombe amenizoea, namkamua akiwa ametulia kama bibi harusi. Kiwandani wamenitoa boila ya usiku wakanipa zamu ya mchana, kazi ya wakubwa. Nakula nashiba. Shati za mwaka jana zinanikataa tumboni. Kama ulifikiri utasikia nimekonda, pole sana.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu umeniblok kwa simu. Mimi! Mwanaume niliyekaa Nairobi, nikafika Kampala, nikalala Mwanza, mtu wa dunia, naandika barua kama mfungwa. Adoyo naye nikimpigia huko chuo anasema, "Baba, malizaneni wenyewe." Binti yako huyo. Basi Aron wa lori la maziwa atakuletea hii, na ameapa hataifungua.

Sasa sikiza. Tarehe ishirini na tatu mwezi ujao ni sherehe ya mavuno hapa kanisani, na mbio za gari za mbao ziko. Nani bingwa? Miaka mitatu, mtu mmoja. Kila mtu anapewa kipande cha mbao ya sipres kama changu, magurudumu manne kama yangu, misumari minne kama yangu. Anachonga, anaweka juu ya ile njia ya mbao yenye mteremko, anaachilia. Gari haisukumwi. Zao zinateremka kama mzee anayeogopa ngazi. Yangu inaruka. Kwa nini? Kwa sababu mkono wangu una bahati. Napuliza magurudumu, fuu! Gari inajua mwenyewe ni nani.

Tuweke mkataba. Nikishinda mwaka huu, siku hiyo hiyo unapanda boda unarudi nyumbani, na hakuna maneno. Nikishindwa, jambo ambalo halijaandikwa mbinguni wala kwa kalamu ya mkaa, sema wewe unachotaka.

Na bado sielewi ulikasirikia nini. Kwani ni ile mzaha ya kwa maiki? Watu wote walicheka. Hata mchungaji alicheka.

Ni mimi mumeo na bingwa wako,
Phelix Ooko


Longisa
11 Oktoba 2024

Kwa Phelix Ooko,

Barua yako imefika ikinuka maziwa yaliyochacha. Dada yangu ameisoma akiwa amesimama, akaiweka mezani, akaenda kumkatia ng'ombe nyasi. Kwa hiyo nakujibu mimi Isaiah, kaka yake, niliyepokea mahari yako, pamoja na yule ng'ombe wako aliyefika akikohoa hadi majirani wakadhani tumepata mgeni mgonjwa.

Mimi ni mzee wa kanisa, siwezi kukutukana. Nitakueleza tu ulivyo. Wewe ni debe, na debe halina haja ya kitu ndani ili lipige kelele.

Kwetu, mwanamume akitaka mke wake, anakuja na watu wake. Anaketi. Anaulizwa. Anajibu. Wewe umetuma lori la maziwa na habari za tumbo lako. Eti mke arudishwe kwa vigari vya mbao! Nilitaka kuichoma barua hiyo. Lakini Chepkosgei aliporudi na nyasi yake alisema anaukubali mkataba. Nikamkataza. Akanitazama vile mama yetu alivyokuwa akimtazama baba, nikaenda kutafuta kalamu.

Atashiriki yeye mwenyewe. Priscah wa kamati ya mbio amempa kipande cha sipres, magurudumu na misumari kama mtu mwingine yeyote. Masharti yake atakuandikia.

Isaiah


Kipkelion
16 Oktoba 2024

Shemeji Isaiah,

Salamu kutoka kwa mtu aliyeshiba. Yule ng'ombe hakuwa mgonjwa. Alikohoa alipoona nyumba anayopelekwa.

Ati Mama Adoyo atashindana! Nimecheka hadi kuku wakatoka nje. Shemeji, mimi si mtoto. Hiyo gari utaitengeneza wewe, halafu ujifiche nyuma ya rinda la dada yako. Na mikono yako naijua. Si wewe ulijenga choo, mlango ukafunguka kuelekea ukutani, mkawa mnaingia ubavu ubavu kama kaa? Utaniweza kwa gari?

Na kama mnafikiri mmebeba siri yangu mkaenda nayo Longisa, mmechelewa. Mimi niliacha shule darasa la sita lakini macho sikuyaacha huko. Kila mwaka, wiki za kabla ya mbio, Mama Adoyo akitoka kukamua jioni alikuwa anakaa kwa kile kigoda cha mlangoni, anachukua gari yangu, anaipangusa-pangusa. Mimi niko ndani nasikiliza mpira kwa redio, lakini jicho moja liko nje. Mkono umetoka kwa ng'ombe, sivyo? Mkono una mafuta ya kukamulia. Yeye alifikiri anapangusa vumbi, kumbe mafuta yanaingia kwa magurudumu! Bahati ya mtu haipotei, inajitafutia njia hata kwa mkono wa asiyejua.

Sasa nimenunua kopo zima, langu, jipya. Chuchu ya ng'ombe ikipakwa hayo mafuta haishikiki. Je, msumari na gurudumu? Mwambie dada yako aanze kufunga nguo zake.

Shemeji yako usiyempenda,
Phelix


Longisa
27 Oktoba 2024

Bwana Phelix,

Isaiah alitusomea barua yako kwa sauti baada ya chakula. Watoto wake walicheka. Mimi sikucheka.

Unasema huelewi nilikasirikia nini. Nitakuandikia mara moja, usije ukaniuliza tena. Mwaka jana ulipopewa kikombe ulishika maiki ukasema, "Siri yangu ni moja, ndugu zangu. Mwanamke asiguse gari. Mkono wa mwanamke unafukuza bahati." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa mstari wa pili. Kucha zangu zilikuwa bado nyeusi kwa kazi ya gari yako, nilikuwa nimezisugua kwa sabuni asubuhi na hazikutoka. Bilhah jirani yetu alikuwa ameketi ubavuni mwangu. Aliiangalia mikono yangu, halafu akaangalia dirishani. Hiyo ndiyo mzaha yako.

Nilingoja useme neno nyumbani. Nilingoja mvua ikaja ikaisha. Wewe ulikiweka kikombe juu ya redio ukawa unakisalimia kila asubuhi. Siku uliyomrudia mgeni maneno yale yale, nikiwa namimina chai, ndiyo siku nilitoka.

Sharti langu ni hili. Ukishindwa, utashika maiki ile ile, mbele ya watu wale wale, useme ni nani alizitengeneza zile gari tatu. Ukishinda nitarudi, nitanyamaza, na nitakaa mstari wa pili mpaka nizeeke.

Kuhusu mafuta, paka unavyotaka.

Chepkosgei


Kipkelion
4 Novemba 2024

Mama Adoyo,

Weusi gani? Mwanamke anapika kwa kuni, kucha zitakuwa za pinki? Hayo ni masizi ya jikoni.

Na "kutengeneza" ndiyo nini? Nani alichonga ile pua kama mdomo wa mwewe? Nani alipaka rangi nyekundu, na ule mstari wa njano wa kishujaa? Nani aliandika BAHATI ubavuni kwa herufi ambazo hata fundi wa mabango hapa stesheni aliuliza zimetoka wapi? Wewe ulipangusa. Nikipangusa mimi madirisha ya benki, benki inakuwa yangu?

Nimekubali sharti lako kwa moyo mweupe, kwa sababu ni kama umeniambia nikishindwa nimeze reli. Nimeshajaribu gari. Niliweka ubao kutoka kwa meza hadi sakafuni, hapo kando ya moto, nikaachilia. Mama yangu! Iliruka, ikapita mlango, ikampiga jogoo. Jogoo hajarudi hadi leo.

Mafuta nimejaza hadi yanatoka pembeni. Wewe endelea kupangusa huko Longisa na kaka yako wa choo cha ubavu.

Bingwa wa jana, leo na kesho,
Phelix Ooko


Kipkelion
Jumapili, 24 Novemba 2024

Isaiah,

Usifurahi. Nakuandikia mapema kabla hujaanza kutangaza uongo huko kwenu Bomet.

Kwanza, mbio zilianza asubuhi mno. Nani anafanya mbio kabla umande haujatoka? Njia ya mbao iliwekwa kwa kivuli cha kanisa, upande wa baridi, na mimi najua kwa nini, Priscah wa kamati ni mtu wenu. Pili, huyo Ogari aliyekuwa anaachilia magari ana mkono mzito. Tatu, kulikuwa na vumbi la mahindi kila mahali, watu walikuwa wanapukuchua pale pale.

Gari yangu haikushindwa. Ilisimama. Ni mambo mawili tofauti. Kushindwa ni kufika nyuma ya wengine. Yangu haikufika, kwa hiyo huwezi kusema ilifika ya mwisho. Kama watu wangetulia badala ya kupiga kelele "Sukuma! Sukuma!" kama waliokwama na lori kwa matope, labda ingeendelea.

Na sikukimbia. Niliitwa kiwandani. Boila ilikuwa na shida.

Phelix


Longisa
28 Novemba 2024

Kwa Phelix Ooko,

Boila haikukuita. Ulipita nyuma ya choo cha kanisa, ukaruka ua wa miiba ya keyapo, suruali ikanasa, ukaacha kipande. Bilhah amekihifadhi ukikitaka.

Kwa kuwa uliondoka, nitakueleza ulichokosa. Gari ya Chepkosgei haikuwa na rangi wala jina. Ogari alipoiachilia haikutoa hata sauti. Wanaume walikuwa bado wanaicheka sura yake, na ilikuwa imeshafika chini. Alishinda wote, raundi zote. Akapewa kikombe, akapewa maiki. Unajua alisema nini? Alisema, "Asanteni. Kuna mtu ana neno kabla yangu." Kisha akangoja. Watu wakageuza shingo. Ogari akaliita jina lako, akaliita tena. Wale wanaume ambao huwa unawachekesha ndio walianza kucheka, safari hii bila wewe kuwaambia. Dada yangu akairudisha maiki, akashuka.

Sasa nitakwambia jambo alilonikataza. Nalisema si kwa wema. Nalisema likuumize.

Alikuja sherehe na kiberiti mfukoni mwa sweta. Ndani mlikuwa na misumari minne. Siyo ya gari yake, hiyo ilikuwa imeshafungwa. Ilikuwa ya gari yako. Aliitengeneza jioni baada ya jioni hapa kwangu, sawasawa na ile yake. Aliniambia njiani, "Akinisalimia tu, nitampa. Bado kutakuwa na nafasi ya kubadilisha." Nikamuuliza, "Na akishinda kwa hiyo misumari?" Akasema, "Basi nitarudi."

Ulipotokea langoni alisimama. Ulimwona, usiniambie hukumwona. Ulisema kwa sauti ili wenzako wasikie, "Akina mama, chai inapikwa upande ule." Akaketi.

Hicho kiberiti kiko juu ya kabati hapa kwangu. Nikikiangalia nakosa maneno ya mzee wa kanisa, nabaki na yale mengine.

Usije hapa.

Isaiah


Longisa
2 Desemba 2024

Bwana Phelix,

Mafuta ya kukamulia ni ya ng'ombe. Kwa baridi ya asubuhi yanaganda kama mafuta ya kimbo kwenye sufuria. Vumbi likiingia yanakuwa matope. Wewe ulijaribu gari kando ya moto, ndiyo maana iliruka.

Baada ya kukamua nilikuwa nanawa mikono. Hata hilo hukuliona, na maji nilikuwa namwaga pale pale mlangoni.

Msumari mpya una mikwaruzo chini ya kichwa, pale mashine ilipoubana. Ukiugusa kwa ulimi unauhisi. Hapo ndipo gurudumu linashikwa. Unaondoa kwa tupa, halafu msasa mkali, halafu msasa laini, halafu kitambaa na majivu, hadi msumari ung'ae kama kijiko cha wageni. Unauviringisha juu ya kioo uone kama umepinda. Tundu la gurudumu nalo unalisafisha. Gurudumu moja la mbele unalipandisha kidogo lisiguse chini, yabaki matatu ya kufanya kazi. Mwisho unatia unga wa penseli, mkavu, bila tone la mafuta. Zile penseli za Adoyo za shule ya msingi, ulidhani ziliishia wapi? Huo ndio weusi uliouita masizi. Na ulipokuwa ukipuliza mbele ya watu, ulikuwa unaupeperusha.

Sikuandikii haya kwa sababu nimekusamehe. Naandika kwa sababu nimechoka kusikia kwamba ni bahati.

Kikombe nilikuwa sikihitaji. Nilisimama pale na maiki nikingoja neno moja. Ulichagua kuruka ua.

Usimtume Aron tena.

Chepkosgei


Kipkelion
Jumatatu, 9 Desemba 2024

Chepkosgei,

Hii sijampa Aron. Priscah anakuja Longisa kumwona dada yake hospitalini, nimemwomba. Alikataa. Nikamwomba tena mbele ya mume wake, akaichukua kwa ncha za vidole.

Jana kanisani, wakati wa matangazo, nilimwomba mchungaji maiki. Akaniuliza kama ni mzaha. Nikasema hapana. Akanipa huku bado ameshikilia waya. Nilisema hivi: "Zile gari tatu zilitengenezwa na mke wangu Chepkosgei. Mimi nilichonga pua na kupaka rangi. Niliwaambia hapa kwamba mkono wa mwanamke unafukuza bahati, na mkono huo ndio uliokuwa umeshika kila gurudumu na kila msumari. Siku ya mavuno nilishindwa, nikakimbia, na boila haikuwa na shida yoyote."

Nikangoja wacheke. Unajua mimi naogopa watu wakinyamaza. Hakuna aliyecheka. Mahali pako mstari wa pili palikuwa wazi. Bilhah akaanza kupiga makofi peke yake, halafu akina mama wengine, halafu Ogari. Nikaangalia nyuma kama umeingia, kwa sababu makofi yale hayakuwa yangu. Nikarudisha maiki. Nilitokea mlangoni, kwa miguu, mbele ya kila mtu.

Shemeji ameniambia alichokatazwa. Usimkemee. Alitaka kiniumize na kimeniuma. Nimekaa nacho hapa mezani siku hizi zote. Ulikuwa tayari nishinde kwa mkono wako tena, nikupandishe boda, nikurudishe kimya. Kwa salamu moja tu. Salamu ninazowapa hata watu nisiowajua pale stesheni, kwa kupiga kelele, na sikukupa wewe. Afadhali ile misumari ulibaki nayo. Ningeshinda, na mwakani ungenisikia kwa maiki ile ile.

Sikwambii urudi. Mkataba tuliuweka na nilishindwa. Kama utakubali, nitakuja na mjomba wangu kutoka Ahero na wazee wawili, tuketi kwa Isaiah, niulizwe mpaka maswali yaishe. Kama hutakubali, sema kwa kinywa cha Priscah, mimi nitaelewa, na sitatuma mtu mwingine.

Na ile barua ya mwezi wa kumi. Ng'ombe alinipiga teke siku ya kwanza na siku ya pili. Bilhah ndiye anayemkamua, kwa huruma ya ng'ombe, si yangu. Zamu ya mchana sikupewa, niko boila ya usiku kama ulivyoniacha. Shati zinanipwaya. Bahati sina na sijawahi kuwa nayo. Nilikuandikia uongo.

Phelix